Mkienda Kwenye Mawimbi, Mchagulieni Ufuo Mwanagenzi

Marafiki wakipanga kwenda mji wa pwani kwa siku chache ili kuteleza juu ya mawimbi, mjadala huwa mrefu kuhusu nauli na malazi. Kuhusu ufuo, neno la mwisho huachiwa yule anayejua zaidi, kwa kuwa ana ubao wake na ndiye anayefuatilia utabiri wa bahari. Naye, kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, atachagua mawimbi yanayomfaa yeye. Mimi naamini hapo ndipo safari nyingi za namna hii zinapoharibika. Ufuo uchaguliwe kwa kumtazama yule asiyejua kabisa, na mjuzi wa kundi akubali hilo kabla tiketi hazijakatwa.

Sisemi hivi kwa kumhurumia mwanagenzi. Ni suala la muda. Mtu mzima anayejua kuogelea, akipewa maji ya kifuani, mchanga chini ya miguu na povu la wimbi lililokwisha kupasuka, mara nyingi husimama juu ya ubao siku ya kwanza au ya pili. Mtu huyohuyo mpeleke penye wimbi linalopasukia juu ya mwamba, atashinda akipambana kulivuka, au atakaa ufukweni akilinda mikoba ya wenzake. Mkiwa na mwezi mzima, hilo linavumilika. Mkiwa na siku chache, kila asubuhi inayopotea inauma.

Tunapozungumzia mawimbi tunataja ukubwa tu, tukasahau sakafu ya bahari. Mawimbi yanayofaa kwa mchezo huu huanzishwa na upepo wa dhoruba zilizo mbali, pengine maelfu ya kilomita, kisha husafiri siku kadhaa hadi pwani. Yakifika mahali ambapo kina cha maji kinakaribia mara 1.3 ya kimo cha wimbi, yanapasuka. Sakafu ikiinuka polepole, wimbi humwagika taratibu kutoka kileleni na kusukuma povu refu hadi ufukweni. Ikiinuka ghafla, wimbi hujikunja na kuanguka kwa kishindo. Ndiyo maana Bahari ya Pasifiki ina Teahupo'o kule Tahiti, ambako mashindano ya Olimpiki ya Paris 2024 yalifanyika juu ya matumbawe yenye maji kidogo sana, na bahari hiyohiyo ina Waikiki kule Hawaii, ambako wimbi ni pole na refu kiasi kwamba wageni wamekuwa wakifundishwa hapo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Waikiki ndiko alikokulia Duke Kahanamoku, muogeleaji aliyeshinda dhahabu ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, kisha akaupeleka mchezo huu Australia na kuutangaza California. Mtu aliyeshiba mawimbi pole ya namna ile hakukosa ustadi. Mwaka 1925, mashua ilipopinduka karibu na Newport Beach, California, aliingia kwenye bahari iliyochafuka na ubao wake, akarudi tena na tena, na kuokoa watu 8. Huwa namkumbuka kila nikisikia mtu akidharau mawimbi madogo kwamba ni ya watoto.

Na furaha ya mawimbi madogo si ndogo. Kwenye safari yetu ya mwisho, rafiki yangu mmoja alilala kifudifudi juu ya ubao laini wa futi 9, kidevu kimeinuka, vidole vimeng'ang'ania kingo. Sisi wengine tulisimama majini kando yake, mmoja ameushika mkia wa ubao. Povu lilipougusa ubao, tukamuachia. Alibonyeza viganja chini ya mbavu, goti moja likapanda, akasita, kisha mguu wa mbele ukatua katikati ya ubao na magoti yakabaki yamekunjwa. Alikwenda hivyo hadi pezi la chini ya ubao likakwaruza mchanga. Kelele tuliyoipiga iliwageuza watu waliokuwa mbali kabisa. Kila mmoja wetu alikuwa ameliona tukio zima kwa macho yake, kwa sababu tulikuwa kwenye maji yaleyale. Hiki ndicho ninachokitetea. Kundi likigawanyika, wajuzi kule nyuma ya mwamba na wanagenzi huku kwenye kina kifupi, jioni kila upande unasimulia siku ambayo upande wa pili haukuwepo.

Kuna ya usalama pia. Mkodishieni mwanagenzi mwalimu wa palepale, hata kama mjuzi wenu ni hodari. Kuteleza na kufundisha ni kazi mbili tofauti, na mwenyeji anajua mkondo unapita wapi. Kila mmoja ajue kwamba akivutwa na mkondo unaorudi baharini hapaswi kushindana nao, bali abaki na ubao wake, ainue mkono kuomba msaada, na apige maji sambamba na ufuo hadi atoke kwenye mkondo. Ajue pia kwamba aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapoanza kupasuka ndiye mwenye haki nalo. Kujikinga na jua la tropiki, vaeni shati la mikono mirefu la kuogelea, nalo, tofauti na krimu za jua, halimwagi kitu kwenye matumbawe. Hawaii ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia uuzaji wa krimu za jua zenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati ili kuyalinda matumbawe.

Tarehe nayo ichaguliwe kwa kumfikiria mwanagenzi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji hujaa sana na kupwa sana. Kwenye pwani zenye miamba, yakipwa mwamba unatokeza na yakijaa wimbi linapoteza nguvu, hivyo saa za kufaa ni chache. Maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, huwapa muda mrefu zaidi wa kujaribu.

Mjuzi atalalamika kwamba amejinyima miezi kadhaa ili apate mawimbi ya maana. Namsikiliza kwa dhati, na dawa yake ipo: alfajiri. Usiku nchi kavu hupoa kuliko bahari, upepo huvuma kutoka bara, nao hulainisha uso wa maji na kulishikilia wimbi lisipasuke mapema. Jua likipanda upepo hugeuka na kuyavuruga yote. Saa bora za mjuzi ni zile ambazo wenzake wangali wamelala, na mara nyingi mwendo mfupi kutoka ufuo pole kuna kona yenye wimbi kali zaidi. Aende huko na mwenzake wa kiwango chake, asiende peke yake. Saa tatu arudi, aweke kando ubao wake mfupi, akodi mrefu kama wa wenzake, na aingie nao kwenye povu.