Mbwa ni Shahidi Dhaifu wa Majonzi ya Wanyama

Mbwa wawili waliokua pamoja wakitenganishwa na kifo, yule anayebaki mara nyingi huonekana amebadilika. Hulinusa tandiko la mwenzake kwa muda mrefu, kisha huenda kujilaza karibu na mlango. Chakula hukionja na kukiacha. Mwenye mbwa akiyaona hayo hahitaji kushawishiwa, kwani kwake mnyama huyo amefiwa. Wataalamu wa tabia za wanyama, hata hivyo, huuliza swali lisilopendeza: tumejuaje kwamba hayo ni majonzi, wala si mahangaiko ya mnyama ambaye mazoea yake ya kula, kutembea na kucheza yamevurugika ghafla?

Swali hilo si la ukaidi. Sisimizi huwabeba wafu wao na kuwapeleka mbali na kiota, jambo ambalo mtazamaji mwenye huruma angeweza kuliita mazishi. Katika miaka ya 1950, mtaalamu wa sisimizi E. O. Wilson na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba kinachowasukuma ni kemikali za mzoga, hasa asidi ya oleiki, kwa maana sisimizi mzima akipakwa asidi hiyo naye hubebwa hadi jalalani huku akifurukuta, na akirudi hubebwa tena mpaka ajisafishe. Tendo linalofanana na maombolezo, basi, laweza kufanyika pasipo majonzi yoyote.

Kwa upande wa mbwa, utafiti unaotajwa zaidi ni ule uliochapishwa mwaka 2022, uliowahoji watu 426 nchini Italia waliokuwa na mbwa zaidi ya mmoja na kufiwa na mmojawapo. Asilimia 86 walisema mbwa aliyebaki alibadilika: alicheza kidogo, alitafuta zaidi kuwa karibu na watu, au alipunguza kula. Jambo lenye uzito kuliko asilimia hiyo ni kwamba mabadiliko yalihusiana na urafiki uliokuwapo kati ya mbwa hao, si na urefu wa muda walioishi pamoja. Kama tatizo lingekuwa ni mazoea tu kuvurugika, tungetarajia miaka ya kukaa pamoja iwe na uzito wake. Lakini utafiti huohuo uliona pia kwamba woga wa mbwa na kususia kwake chakula viliambatana na uchungu wa mwenye mbwa. Hapo ndipo penye fundo. Huenda mbwa anamlilia mwenzake. Huenda anaakisi simanzi ya binadamu anayeishi naye. Na huenda binadamu huyo, aliyeulizwa akiwa yeye mwenyewe ndiye mfiwa, ameona alichotarajia kukiona.

Hata Hachiko, mbwa wa Tokyo aliyeendelea kufika katika kituo cha treni cha Shibuya kwa karibu miaka kumi baada ya bwana wake kufariki mwaka 1925, hawezi kuamua shauri hili, kwa kuwa watu wa kituoni walikuwa wakimpa chakula. Sisemi kwamba alifuata chakula tu. Nasema kwamba sababu mbili zikishakaa mahali pamoja, uaminifu haupimiki tena.

Ndiyo maana naona tunakosea tunapomwita mbwa kuwa shahidi wa kwanza, ilhali ukaribu wake nasi ndio unaouchafua ushahidi wake. Mashahidi bora wako porini. Nchini Botswana, watafiti waliopima homoni katika kinyesi cha nyani majike waligundua kwamba wale waliopoteza ndugu wa karibu kwa kuliwa na wanyama wakali walipandwa na homoni za msongo, na kwamba baadaye walijitafutia wenzi wapya wa kuchambuana manyoya. Kinyesi hakina huruma ya kumpotosha mpimaji. Huko Gombe, Tanzania, sokwe kijana Flint alizorota baada ya mama yake, Flo, kufa mwaka 1972, akaacha kula, naye akafa majuma machache baadaye akiwa na umri wa miaka minane na nusu.

Wanaopinga watasema kwamba hata nyani hao hawajathibitisha kuwa wanajua kifo ni nini, nao wana haki. Tembo wa Amboseli, Kenya, walipowekewa mafuvu, walivutiwa zaidi na ya tembo kuliko ya wanyama wengine, lakini hawakuonyesha kulipendelea fuvu la ndugu yao. Hata hivyo, kujua maana ya kifo ni jambo moja, na kuumizwa na kukosekana kwa mwenzako ni jingine. Mtoto mchanga aliyeachwa na mama yake hulia bila kuwa na dhana yoyote ya mauti. Hilo la pili naliona limethibitika vya kutosha kwa wanyama wenye vifungo vya muda mrefu. Kwa mbwa nalikubali kwa tahadhari, mpaka homoni za msongo zipimwe kwa mbwa na kwa mwenye mbwa, kabla ya kifo na baada yake, ili ijulikane ni nani kati yao aliyeanza kuhuzunika.