Uhuru wa kupiga miayo

Machi iliyopita nililala sinemani. Sisemi nilisinzia. Nililala fofofo, mdomo wazi, kwenye kiti cha BFI Southbank, jumba la sinema la London kando ya mto Thames, wakati wa tamasha la Flare, ambalo kila mwaka huonyesha filamu mpya za mashoga, wasagaji, waliobadili jinsia na wote wanaojiita kwia. Filamu yenyewe ilikuwa ya saa mbili na ushee: wanaume wawili, ziwa, na maneno ya kuhesabika. Nilipozinduka taa zilikuwa zimewashwa, na mzee wa kiti cha pili akaniambia nisijali, hakuna nilichokosa. Tulitoka tukiisengenya hadi mlangoni na hakuna aliyetuona wasaliti.

Nilipokuwa nyumbani sikuwahi kuwa na nafasi hiyo, na ilinichukua miaka kujua kwamba naikosa.

Septemba 2018 nilikuwa bado Nairobi. Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, ilikuwa imepigwa marufuku tangu Aprili na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, wiki chache kabla ya kuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa. Wasichana wawili wa mtaa mmoja, Kena na Ziki, wanapendana huku baba zao wakishindana kwenye uchaguzi, na hadithi inakwisha bila kuwaadhibu. Kahiu alisimulia kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe kwa sababu ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Nimesikia filamu zikilaumiwa kwa ngono, kwa matusi, kwa siasa. Kulaumiwa kwa matumaini, hiyo ilikuwa mpya.

Kisha Jaji Wilfrida Okwany akaifungulia siku 7, ili ipate kutimiza sharti la kuonyeshwa nyumbani kabla ya kuwania Oscar. Alisema haamini kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi yake ya maadili kutikiswa na filamu. Siku 7, kama mfungwa anayepewa ruhusa ya kwenda kuzika.

Mimi na mwenzangu tulipanga foleni Prestige Plaza, Barabara ya Ngong. Watu walitazamana kwa pembe ya jicho, kila mmoja akijiuliza jirani yake amekuja kama nani. Dada mmoja mbele yetu, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, alinunua tiketi 4 kisha akatugeukia na kutuambia, bila kuulizwa, kwamba anasomea mambo ya filamu. Tukamjibu kwamba na sisi pia. Mimi nilikuwa karani wa bima.

Ndani kulikuwa na raha ambayo sijaionja tena. Mama Atim, yule mwenye kibanda na mdomo usiotulia, kila akitokea ukumbi mzima ulivunjika mbavu, maana hakuna mtaa wa Nairobi usio na Mama Atim wake. Mwisho makofi, na machozi pia. Stejini, tukingoja matatu, mwenzangu akaniuliza, "Umeionaje?" Nikasema, "Nzuri sana." Akasema, "Nzuri mno." Yakaishia hapo. Ungesema nini kingine? Siku 7 zinahesabika, halafu wewe uanze kulalamika kwamba sehemu fulani imevuta? Kuikosoa ilikuwa sawa na kumchumia bodi fimbo. Wiki ile filamu iliingiza zaidi ya shilingi milioni 3, kisha kufuli likarudi mlangoni, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikakataa kuliondoa.

Wakati huo nilikuwa nimeshahamia London. Nilikuwa nimeiona Rafiki tena huko mwaka 2019, ilipoingia kwenye sinema za Uingereza, jioni moja ya mvua, ukumbi nusu mtupu. Mama Atim akatokea. Nikacheka peke yangu. Maneno waliyaelewa, mengine kwa Kiingereza chake, mengine kwa tafsiri ya chini ya skrini, lakini umbea hautafsiriki kwa mistari miwili. Na ni katika ukimya huo, mara ya kwanza, nikaanza kuiona filamu kama filamu. Nikaona babake Kena amechorwa vizuri kuliko Ziki. Nikaona nusu ya pili ina haraka. Nikajisikia vibaya, kama mtu anayemsema marehemu matangani.

Nisieleweke vibaya: huku nako uhuru wa kupiga miayo hatujagawiwa sawasawa. Kuna tamasha dogo la mtaani mashariki mwa London, kwenye chumba juu ya baa, viti vya plastiki, projekta inayonguruma. Walileta filamu fupi ya msichana kutoka Afrika Mashariki, naye mwenyewe alikuwepo. Ndani yake kuna mandhari ya jikoni usiku, wanawake wawili wanachambua mchele, na mwanga ni wa kibatari tu. Nyuso zao zinang'aa kama shaba, vidole vinaingia na kutoka gizani. Nilitaka kumuuliza alipigaje picha zile. Lakini maswali yalikuwa: je, ni hatari kwako? Umewahi kukamatwa? Utarudi? Tukusaidieje? Hakuna aliyeuliza habari ya mwanga, na muda ukaisha. Wanaume wa ziwani waliruhusiwa kuchosha watu. Huyu wetu aliitwa kama shahidi kizimbani, na ushahidi haupigiwi miayo.

Halafu kuna ndugu zetu wa huku ughaibuni wanaosimulia kana kwamba Wazungu walizaliwa na uvumilivu. Tamasha hili la Flare lilianza 1986 kwa jina jingine. Mwaka 1988, miaka miwili tu baadaye, Uingereza ilipitisha kifungu cha 28 kilichozikataza serikali za mitaa "kukuza" mapenzi ya jinsia moja, na Uingereza yenyewe haikukiondoa hadi 2003. Kukuza! Neno lile lile bodi ya Nairobi ililotumia dhidi ya Rafiki. Na vifungu vya 162 na 165 vya sheria yetu ya adhabu, vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, ambavyo Mahakama Kuu ilivibakiza Mei 2019, vilitoka kwao. Bendera yao ilishuka Desemba 1963, na kufikia 1967 walikuwa wameanza kujilegezea sheria hiyo huko kwao. Walituachia koti lao kuukuu, wakaenda kujishonea jingine, na leo sisi tunaapa kwamba hilo koti ni vazi la mababu.

Nyumbani hatukukaa mikono mitupu. Tangu 2011 kumekuwa na tamasha la filamu la Out, kwenye Goethe-Institut, kituo cha utamaduni cha Wajerumani jijini Nairobi. Nashukuru, lakini ni sawa na kwenda kula pilau ya mama yako kwa jirani kwa sababu kwenu jiko limefungwa. Kampala hata jirani hakutosha: mwaka 2017 polisi walilivamia tamasha lao. Na filamu ya I Am Samuel ya Peter Murimi, yenye wazazi wa kijijini wanaohangaika jinsi ya kumpenda mtoto wao, ilipigwa marufuku Kenya 2021. Niliitazama kitandani London, nikifikiria wazee wangapi wa kwetu wangejiona mle.

Kahiu aliipa filamu yake jina la Rafiki kwa sababu ndivyo wapenzi wa namna hii wanavyolazimika kutambulishana. Sisi wa Pwani tulicheka kidogo. Kwetu wanawake huitana shoga tangu enzi, maana yake mwandani, chanda na pete. Neno hilo hilo likielekezwa kwa mwanamume linageuka tusi. Nilijaribu kumweleza hayo mwenzangu wa kazini, akadhani namtania.

Mwezi uliopita nilimpigia simu yule tuliyepanga naye foleni. Bado yuko Nairobi. Nilikuwa namsimulia nilivyolala Southbank, akacheka, kisha akanyamaza kidogo. "Nikwambie kitu? Ile Rafiki, mwisho sikuuelewa. Anarudi au harudi?" Nikamwambia mimi mwisho sina shida nao, shida yangu ni Ziki, hatujui anataka nini zaidi ya kusafiri. Akapandisha sauti. Ziki? Ziki ndiye filamu! Mwenye kasoro ni Kena, mpole hadi anakera. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa na hilo kooni. Tukabishana saa nzima, hadi bando lake likaisha.