Hilo bomba la kuoshea macho mara ya mwisho limefunguliwa lini?

Maabara moja niliyowahi kufanya kazi ilikuwa na bomba la kuoshea macho, lile la dharura mtu akirukiwa na kemikali, zuri kabisa, kijani, kibandiko juu yake, ukiliona unajua hapa wako siriasi. Siku moja bila sababu yoyote nikalisukuma, likakohoa mara mbili, halafu yakatoka maji rangi ya chai. Nikaangalia kadi ya ukaguzi, saini zipo kila wiki, ila kalamu ile ile, wino ule ule, yaani mtu alikaa akasaini miezi mitatu kwa mpigo!

Kufungua kila wiki siyo urasimu jamani. Maji yakilala kwenye paipu yanaota bakteria na ameba, sasa hayo ukayamwagie jicho ambalo tayari limeungua?

Kiwango cha Marekani, ANSI Z358.1, kinataka ulifikie ndani ya sekunde 10, vali ifunguke kwa sekunde 1 na ibaki wazi yenyewe, maana mikono yote miwili inashikilia kope, jicho likiwashwa linajifunga lenyewe hata ukilibembeleza. Halafu dakika 15 mfululizo, maji yawe vuguvugu, nyuzi 16 hadi 38, kwa sababu yakiwa ya baridi kali hata dakika tatu hufikishi. Sasa fikiria hizo sekunde 10 huoni kitu na mbele yako wamepanga stuli na maboksi ya glovu.

Watu wanaogopa sana asidi, mimi kinachonitisha ni alkali kama sodiamu haidroksaidi. Asidi nyingi zinagandisha protini juujuu na hilo tabaka linazizuia kidogo, ila alkali inayeyusha mafuta ya seli na kuzidi kuzama ndani huku wewe unajisemea aah mbona siyo mbaya. Na tafadhali usijaribu kuua asidi kwa alkali jichoni, maji tu. Kama umevaa lenzi za machoni, zitoe huku maji yanaendelea.

Shawa ya dharura, ya kuoshea mwili mzima, ndo imesahaulika kabisa, inamwaga kama lita 75 kwa dakika na sehemu nyingi chini hakuna hata tundu la kutolea maji, kwa hiyo nani ataijaribu apige deki sakafu nzima? Weka ndoo kubwa chini, basi. Na ukimwagikiwa vua nguo hapo hapo, aibu utaona baadaye.

Siku hizi kila Jumatatu nafungua hadi maji yawe meupe. Wenzangu wananiita fundi bomba.