Bluu ya vikombe isitumalize hivi

Mimi nafinyanga vikombe na sahani huku Nzuguni, na rangi inayonimalizia hela ni bluu. Kahawia sina shida nayo, udongo wetu wa Dodoma umejaa chuma, ukiuchoma tu rangi inajitokeza yenyewe, lakini bluu mpaka niagize Dar, inakuja kwenye vimfuko vidogo kama dawa na kila nikipiga simu dukani bei imepanda tena. Mwaka jana nikasema ngoja niongezee iwe nyingi, nikachanganya nusu kwa nusu na kaolini ya Pugu, ule udongo mweupe, vikombe arobaini vikatoka tanurini maua yamepauka kama khanga ya kufulia, na mama aliyeviagiza kwa ajili ya send-off ya binti yake akaviangalia akanyamaza. Kile kimya kiliniuma sana.

Ndo nikaanza kusoma. Bluu tunayoijua ya vyombo ni madini ya kobalti yaliyoungana na alumini, Mfaransa mmoja anaitwa Thénard ndo aliyeitengeneza vizuri mwaka 1802, na karibu theluthi ya uzito wake ni kobalti tupu. Yaani ukiipunguza umepunguza bluu yenyewe. Na kobalti hiyo hiyo inagombaniwa na watengeneza betri za simu na magari, nyingi inatoka hapo jirani Kongo, kule Kolwezi kuna watu wanashuka mashimoni na sururu, watoto wakiwemo. Mimi sitaki ua la kikombe changu litoke huko.

Mwaka 2009 pale Oregon State University, Marekani, profesa Mas Subramanian na wanafunzi wake walikuwa wanatafuta vitu vya kutumia kwenye kompyuta, mchanganyiko wao ukatoka kwenye tanuri la nyuzi kama 1,200 ukiwa bluu kali. Nzuri sana ile, ila ndani ina indiamu, madini ya kwenye skrini za simu, na hayo nayo ni adimu na bei yake haishikiki.

Sasa kilichonifurahisha ni hiki, watu wale wale hawakuishia hapo. Wakachukua muundo wa jiwe linaloitwa hibonaiti, lilipatikana kwanza Madagaska, ambalo karibu lote ni kalsiamu na alumina (oksidi ya alumini), vitu vya kawaida kabisa, halafu wakaingiza kobalti kidogo kama chumvi kwenye mboga, na titani, metali nyingine, ya kusawazisha chaji za umeme. Oksidi ya kobalti inaweza kushuka mpaka asilimia 4 hivi na bado ni bluu! Mimi niliichanganya kobalti na udongo mweupe nje nje tu, wao wanaichoma pamoja mpaka kila chembe ya kobalti inakaa ndani ya jiwe lenyewe, imezungukwa na oksijeni nne, na hapo ndipo inapotoa rangi. Tena wametengeneza na bluu ya nikeli.

Kwa hiyo naomba, na naomba kwa moyo wote, wanafunzi wa kemia pale Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, mlichukue hili la bluu ya hibonaiti liwe mradi wenu wa mwaka wa mwisho. Chokaa ya kutoa kalsiamu ipo, na GST, taasisi ya jiolojia ya Tanzania, wenye kazi ya kupima mawe wako hapa hapa mjini. Msingoje kiwanda, anzeni na gramu hamsini. Tanuri ninalo, la gesi, nachoma kila Ijumaa, mwenye unga wake wa bluu aulete na nitaupaka kwenye vikombe vyangu bure, tuone maua yanatokaje.