Sikumeza hata mmoja

Video mmeshaiona, najua. Rafiki yangu aliirusha hata mdomo wangu haujakauka, na juu yake akaandika: "Jamaa anakula wanawe." Haya, sasa msikilizeni na mwenye mdomo.

Kwa wageni: koridorasi ni kambare wadogo wa Amerika Kusini, wana sharubu na deraya ubavuni, na kutwa wanafukua mchanga. Wangu walinizungusha mno kabla ya kuzaa. Inabidi uwadanganye kwamba mvua imenyesha: unapunguza maji ya tangi, unajazia yaliyopoa kidogo. Nikafanya hivyo, na asubuhi nikamkuta jike amebana mayai kwenye mapezi ya tumboni, anazunguka akitafuta pa kuyabandika kiooni. Mayai yale yananata balaa. Nikayabandua kwa ncha ya kidole kabla wazazi hawajayafanya chai, nikayatia kwenye bakuli lenye pampu ya hewa na matone ya methilini bluu, dawa ya kuzuia ukungu.

Yakaanguliwa. Mlioyataka maelezo ya siku ile ya shangwe, mtayapata siku nyingine.

Sasa chini ya bakuli kulijaa maganda na mayai yaliyooza, na maji ya dawa yalitaka kubadilishwa taratibu. Nikachukua mpira mwembamba wa pampu, nikavuta kwa mdomo. (Ndiyo, najua kuna kifaa cha kuvutia maji. Ninacho. Kipo kabatini, bado kwenye boksi lake.)

Rafiki yangu akauliza, "Oya, wametoka wangapi?" Nikageuka kumjibu huku bado navuta.

Yakaja maji. Hiyo sawa, nilitarajia kuyatema. Kisha kitu kikanitekenya ulimini. Nikasema moyoni, ganda la yai hilo. Kikatekenya tena, safari hii kikahama upande wa kushoto. Jamani, ganda halihami.

Mtoto wa koridorasi siku ya kwanza ana kama milimita 5, na tumboni bado kabeba kiini cha yai anachokula kabla hajajua kutafuta. Mimi nilikuwa nao kadhaa, wanapiga mikia kwenye ufizi. Kutema sinki ni mauaji. Kumeza ni mauaji na ushahidi tumboni. Nikabaki napumua kwa pua, mashavu yamevimba, macho yamenitoka.

"Mbona umenuna? Nimeuliza tu!"

"Mmmh."

Nikamwonyesha mdomo. Nikamwonyesha bakuli. Nikachezesha vidole kuigiza samaki. Akaniambia kwa huruma kabisa, "Jino?" Kisha akaelewa. Hakuja kunisaidia, wala hakuleta kikombe. Akatoa simu.

Nikapiga magoti, nikazamisha midomo ndani ya bakuli, nikaachia polepole. Akatoka mmoja. Wakatoka wawili wameongozana. Mmoja alijibanza nyuma ya gego, akagoma. Nikamfuata na ulimi, akahamia gego la pili. Huku nyuma nasikia mtu anacheka hadi anakohoa, na simu haitikisiki hata kidogo! Alipotoka yule mkaidi nikainuka kwa furaha, kiwiko kikapiga kichupa cha methilini bluu. Kikanimwagikia kidevuni.

Ile dawa haitoki kwa sabuni. Wala kwa ndimu, msiniandikie. Nilienda kazini na ndevu za bluu, nikasema ni wino, wakanionyesha video. Sasa naitwa Perege, kwa kuwa mama perege naye hulea watoto mdomoni.

Watoto wazima, wanakula artemia, vijidudu vya maji ya chumvi, mpaka matumbo yamekuwa ya rangi ya chungwa. Kuna mfuasi kaniandikia faragha, anataka kununua wale waliopitia mdomoni tu. Ndugu yangu, nitawatambuaje? Wote wanafanana, na hakuna hata mmoja anayenisalimia.