PET skani kabla ya mionzi ya tezi dume: tuuze ng'ombe au tutulie kwanza?

Siku hizi huku Mwanza mzee akikutwa na kansa ya tezi dume grupu la ukoo linawaka, mmoja anasema aanze mionzi hospitali ya Bugando haraka, mwingine anasema msiguse kitu mpaka apigwe PET ya PSMA Nairobi (skani ambayo mtu anachomwa dawa yenye mionzi kidogo inayong'ang'ania kansa ya tezi dume, ndo madoa yanaonekana kwenye picha), hapo ndo ng'ombe wanaanza kutajwa. Mi naona wote wana hoja.

Huyu wa PET hajakurupuka. Vipimo vya kawaida, yaani CT na skani ya mifupa, vinaacha vitu vingi. Kuna utafiti wa Australia ulitoka 2020, wanaume 302 wenye kansa ya hatari kubwa kabla ya oparesheni au mionzi, PET ikapatia asilimia 92 na vipimo vya kawaida 65. Hiyo tofauti kubwa jamani, maana mionzi inapiga pale palipochorwa tu, kama kuna tezi ya limfu ndani ya nyonga imeshavamiwa na haikuonekana mzee atachomwa wiki kibao na kansa inabaki palepale. Na kwa aliyeshatolewa tezi dume halafu PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ikaanza kupanda tena, hapo simbishii mtu. Marekani walichora eneo la mionzi kwa kutumia PET (ya dawa nyingine, sio PSMA), majibu yakatoka 2021, baada ya miaka 3 ambao ugonjwa haukurudi walikuwa asilimia 75.5, wenzao wa vipimo vya kawaida 63.

Ila picha nzuri inataka mashine inayoweza kuifuata. Waholanzi na Wabelgiji kwenye utafiti wa FLAME walilitafuta donge lenyewe kwa MRI wakaliongezea dozi mpaka grei 95 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), sehemu nyingine ya tezi dume ikabaki 77, baada ya miaka 5 kansa haikurudi kwa asilimia 92 ya walioongezewa, kwa wenzao 85. Vifo vya kansa havikutofautiana, hilo nalo tuliseme. Na ile kazi inataka mashine inayokunja mionzi kufuata umbo la donge, pamoja na mtaalamu wa fizikia wa kuipangia. Mashine ikiwa inapiga eneo pana, kibofu na njia ya haja kubwa vimo humohumo, ile picha ya mamilioni inaishia kwenye bahasha.

Kuna wanaouliza kwa nini PET isiletwe Mwanza tu. Ile dawa ya kuchomwa, ikiwa ya florini 18, inapungua nusu kila dakika 110, sasa hesabu ndege ya Dar karibu saa moja na nusu, weka na foleni za airport, ikifika nusu imeshapotea, na ya galiamu ni dakika 68 tu kwa hiyo inabidi itengenezwe palepale. Skana peke yake haitoshi.

Linaloniumiza zaidi ni PET kumfungia mtu mlango. Inaonyesha kidoa kwenye mbavu, mara nyingine sio kansa kabisa, halafu familia inaambiwa imesambaa na mionzi inaachwa. Wakati utafiti wa STAMPEDE wa Uingereza 2018 ulionyesha waliosambaa kidogo wakipigwa mionzi kwenye tezi dume walikuwa hai asilimia 81 baada ya miaka 3, wasiopigwa 73, na huko kusambaa kulipimwa kwa skani za kawaida!

Kwa hiyo mi ningemuuliza daktari wa mionzi swali moja kabla ya kuchanga hata mia: majibu ya PET yatabadilisha nini kwenye mpango wa mzee? Kama ni PSA iliyorudi, au hatari kubwa ila CT haioni kitu, changeni. Kama ni mzee wa Ukerewe PSA iko mamia na mifupa imeshaonekana wazi kwenye skani, hela iende kwenye sindano za homoni (zinazozima homoni ya kiume) na malazi mjini. Anayeenda PET huku ameshaanza homoni awaambie tarehe aliyoanza, zikikaa muda mrefu zinaweza kufifisha madoa kwenye picha.