Hasira za kwenye daladala

Wahamasishaji wa siku hizi wanapenda kutuambia tubadili mtazamo. Wengi wao wanasema hivyo wakiwa kwenye kiyoyozi. Ningetamani wayasemee Kariakoo saa kumi na mbili jioni, watu wakigombania goli la gari la Mbagala, mwingine keshapitia dirishani, konda anagonga bodi, "Sogea nyuma, nyuma kweupe!", na huko nyuma hata pa kuweka mguu hakuna.

Lakini sitalitupa neno lao lote. Mwanafalsafa Epictetus, aliyelifundisha karibu miaka 1,900 iliyopita, alizaliwa mtumwa katika dola ya Roma, na mguu wake ulikuwa na kilema. Alisema kinachomsumbua mtu ni jinsi anavyoyahukumu mambo, kuliko mambo yenyewe. Huyo huwezi kumwambia hajui shida.

Mchukue konda. Kwa haraka haraka ni mkorofi tu. Ila daladala nyingi zinakwenda kwa hesabu: jioni tajiri, yaani mwenye gari, apelekewe kiasi walichokubaliana, gari liwe lilijaa au lilishinda tupu. Toa na mafuta. Kinachobaki ndicho chao, dereva na konda. Sasa tazama nauli. Kwa nauli zilizopangwa Desemba 2023, njia zisizozidi kilomita 10 mtu mzima analipa shilingi 600, mwanafunzi 200. Yaani wanafunzi watatu ndio abiria mmoja. Ukishapiga hesabu hiyo unajua kwa nini mkono wa konda unaziba mlango kila sare ya shule inapotokea.

Kujua huko hakumsafishi. Hapa ndipo naachana na wahamasishaji, maana kwao ukishatulia moyoni kazi imekwisha. Mtoto wa darasa la nne anayeachwa na gari la tatu hafaidiki kitu na utulivu wangu. Anamhitaji mtu mzima wa kusema, "Konda, mpandishe huyo mtoto, tutabanana humu humu." Akishasema mmoja, wengine wanadakia, na mara nyingi konda analegea. Msemaji huwa ni mama mmoja wa makamo mwenye ndoo yake mapajani (sisi wanaume tunakuwa tumeinamia simu). Anamwita konda "mwanangu", hamtukani, na ndiyo maana anasikilizwa.

Kuna jioni mtu huna nguvu hata ya hilo. Sawa, kaa kimya. Ila usimalizie uchovu wako kwa kijana wa watu anayening'inia mlangoni. Tusi lako halimpunguzii hesabu ya tajiri hata shilingi. Nauli nafuu ya wanafunzi naiunga mkono kabisa. Ninachotaka kujua ni nani anayemfidia konda ile 400 inayopungua, na kwa nini tumekubali kwamba mtoto asimame kituoni hadi giza ndipo hesabu zikae sawa. Hasira yangu ya jioni naielekeza huko.